Jumapili ya Askari Kanzu

Serah alipiga simu Jumapili, saa tatu asubuhi, Harrison akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine anakitafuta chini ya kochi. Kule Karatina ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Serah ni dada yake Muriuki, rafiki wa Harrison huku Marekani, na si mtu wa maneno mengi. Alisema mama yao yuko hospitali ya misheni tangu Ijumaa, daktari hadhani kama ataiona kesho, na tangu asubuhi anamwita Muriuki. Sista mmoja mwenye huruma alikuwa amekubali kitanda kisukumwe mpaka ofisini, palipo na simu, na ofisi ingeachwa wazi mpaka saa sita usiku. Simu ya Muriuki ilikuwa inalia tu, haipokewi.

"Mwambie apige namba hii, Baba Fiona," Serah alisema. "Hata dakika mbili. Mama anataka tu kumsikia."

Harrison aliandika namba nyuma ya bahasha ya sadaka. Akahesabu tofauti ya saa kwa vidole, akaandika pembeni: mpaka saa tisa mchana. Akampa Serah pole, akamwambia asiwe na wasiwasi, akaweka simu chini. Kisha akamgeukia mkewe Rahab, akasema, "Mama yake Muriuki amefariki."

Utauliza aliyatoa wapi hayo. Aliyatoa kwenye simu saba. Harrison alikuwa mwenyekiti wa kamati ya msiba ya Wakenya wa Minneapolis na Saint Paul, na namba yake ilikuwa imekunjwa kwenye vitambaa vya akina mama kuanzia Karatina hadi Kisii, kwa ajili ya siku mbaya. Katika miaka mitano simu ya namna hiyo ilikuwa imelia mara saba. Mara zote saba aliambiwa kuna mgonjwa, na mara zote saba huyo mgonjwa alikuwa ameshakata roho. Watu wa nyumbani hawamtupii mtu kifo akiwa ng'ambo ya bahari. Humwambia kwanza ni ugonjwa, halafu hali si nzuri, ili moyo upate kuzoea kidogo kidogo. Walipompigia kuhusu baba yake Allan walieleza hata uji aliokunywa asubuhi ile na kwamba aliomba uongezwe sukari, na mzee wa watu alikuwa chumba cha maiti tangu juzi yake.

Na Allan ndiye aliyemfundisha Harrison adabu ya kazi hiyo. Wakati ule alikuwa bado mgeni kwenye uenyekiti, akafanya ujinga wa kumpigia Allan kazini, kwenye ghala moja kule Savage, akampa habari zote kavukavu. Allan alishukuru, akaingia kwenye gari, akalipeleka chini ya lori barabara kuu. Alipona, lakini mguu wake wa kulia mpaka leo haukunjiki. Tangu siku ile Harrison alijiwekea utaratibu, na aliushika kama wengine wanavyoshika amri kumi. Mfiwa haambiwi akiwa peke yake wala akiwa na njaa. Funguo za gari lake zinachukuliwa mapema, kwa kisingizio chochote. Habari inatoka kinywani mwa mchungaji, watu wakiwa wamejaa chumbani, na mpaka hapo kila mtu anakaa na uso wa kawaida. Watu walimsifu kwa jambo hilo, na yeye, tusifichane, alizipenda hizo sifa.

Rahab alikaa kwenye kochi na mkoba wake mapajani. Alisema sauti ya Serah aliisikia kutoka pale alipokuwa, na haikuwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Na kama kweli yuko hai?" aliuliza. "Si upige wewe kwanza, uhakikishe?"

Harrison alimweleza kwa upole, kama anavyowaeleza wanafunzi wa maabara kule hospitalini Saint Paul anakofanya kazi. Ukipiga, wataendelea kukuambia ni mgonjwa mpaka mkubwa wa familia aruhusu. Na Muriuki akipiga kabla ya kuandaliwa, atapokea mtu yeyote, pengine mtoto, na atasikia kilio. Mchungaji Eliakim alikuwa anahubiri Rochester na angerudi kama saa tisa. Muriuki, kama kila Jumapili, angekuja kutazama mpira. Hakuna cha kubadilisha. Rahab hakuridhika, lakini alikuwa ameuona mguu wa Allan, akakubali.

Harrison akamwachia mchungaji ujumbe kule Rochester, kisha akachomoa waya wa simu ya jikoni, asije mtu akapiga kutoa pole na kumwaga mtama kabla ya wakati, akaiweka simu juu ya friji. Bahasha akaitia mfuko wa shati.

Sasa huyu Muriuki. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, mpole, anayewalisha na kuwaogesha wazee katika nyumba ya wazee hapo hapo Roseville, kitongoji alikoishi Harrison, zamu ya usiku. Alikuwa na miaka sita hajamwona mama yake. Karatasi zake hazikuwa sawa. Angetoka Marekani asingerudi, na ada za wadogo zake zilitoka kwenye mikono ile ile ya kuogesha wazee. Kwa hiyo mama yake alikuwa ni sauti tu. Kila Jumapili asubuhi, akitoka zamu, alipiga simu kwenye duka la jirani kule kijijini, mama akaitwa, wakaongea mpaka kadi iishe. Kisha alichomoa waya wa simu, akalala mpaka karibu na saa ya mpira.

Mpira wa Kimarekani alifundishwa na mzee mmoja Mswidi aliyekuwa chumba cha mwisho cha ile nyumba ya wazee. Mzee huyo alikuwa amesahau watoto wake, lakini hakusahau mechi hata moja. Alipofariki, Muriuki alibaki na mchezo, tena aliushika kwa daftari. Kila mchezo wa timu ya jimbo uliingia humo: nani kakimbia yadi ngapi, nani kaangusha mpira, nani kalala usingizi. Wenzake walimcheka, halafu ubishi ukiwaka wanalilia daftari.

Majina ya wachezaji hao yalikuwa marefu na magumu, kwa hiyo kwenye sebule ya Harrison walibatizwa upya. Mlinzi mmoja mkubwa wa safu ya mbele waliyempenda kuliko wote walimwita Askari Kanzu, kwa vile mrushaji wa timu pinzani hakumwona mpaka ameshamkaba. Katikati ya Oktoba, katika wiki ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, timu ikamtoa Askari Kanzu kwenda mji mwingine, ikapewa mrushaji. Huyo wakamwita Bwana Arusi, maana jezi yake haikuchafuka kamwe: akikaribiwa kidogo tu anautupa mpira popote, mara nyingi mikononi mwa adui. Sasa ilikuwa Novemba, theluji ya kwanza iko chini, msimu uko katikati, na kwa wiki tatu sebule ile haikuwa na mada nyingine.

Nestor alifika saa tano na nusu. Yeye ni Mtanzania wa Bukoba, mwanafunzi wa uhandisi pale chuo kikuu, Kiswahili chake safi, mbishi kwa maumbile. Harrison alimvuta jikoni akamwambia. Nestor alishika meza. Harrison akampa kazi yake: Muriuki asipewe nafasi ya kukaa kimya, abishiwe mpaka saa tisa.

Muriuki aliingia akipangusa theluji viatuni, daftari kwapani, anatabasamu. Harrison alimwomba funguo ili alisogeze gari lake, trekta la theluji lipate kupita. Muriuki akazitoa bila neno. Rahab alimletea sahani ya wali na nyama iliyojaa kupita kiasi, na chai yenye sukari nyingi, akarudi jikoni haraka. Muriuki alishangaa kidogo, akauliza kama leo ni sikukuu ya mtu.

Mechi ilianza saa sita kamili, timu ikiwa ugenini. Baada ya dakika nne Bwana Arusi alirusha mpira moja kwa moja kifuani mwa mlinzi wa wenyeji. Muriuki alifungua daftari akaandika bila haraka, kama karani wa mahakama. Hapo ilikuwa zamu ya Nestor kubisha, lakini Nestor alikuwa mtu mbaya wa kudanganya. Macho yalikuwa yamemwiva, na kila akianza sentensi anaiacha katikati. Harrison aliona mambo yanaharibika, akaingia mwenyewe.

Alisema kumtoa Askari Kanzu kulikuwa ni uamuzi wa busara.

Kwa wiki tatu Harrison huyu huyu alikuwa akiuita uamuzi ule upumbavu. Muriuki alimgeukia, akacheka kwa furaha ya kweli, akauliza amehongwa na nani. Kisha akavuta kiti karibu. Harrison alijua mtego wake umenasa, na jambo hilo lilimuuma na kumridhisha kwa pamoja. Alisema Askari Kanzu ana miaka thelathini na miwili, magoti yamechoka, na timu isiyo na mrushaji haiendi popote. Muriuki akajibu kwa daftari: mechi sita, mrushaji wa adui kaangushwa mara saba na mtu mmoja, mechi tatu tangu aondoke, mara mbili na timu nzima. Bwana Arusi naye, mipira minane kwa adui. Harrison akasema mgeni apewe muda. Muriuki akasema mgeni gani anayekuja na kuvunja vyombo.

Wakaendelea hivyo robo ya kwanza na ya pili. Muriuki hakuwa na mzaha tena. Alilaza daftari gotini.

"Chairman, kum-trade si shida," alisema. "Wachezaji wanauzwa kila mwaka. Mimi kinachoniuma ni vile walimfanyia. Redioni walisema alikuja mazoezini asubuhi kama kawaida. Kocha anajua, daktari anajua, hata mfua jezi anajua. Wakamwacha akimbie, achekeshe watu, asubuhi nzima. Yeye peke yake ndiye hakujua. Hiyo si heshima."

Harrison alihisi bahasha kifuani. Nestor aliinuka akaenda chooni.

"Pengine walimhurumia," Harrison alisema. "Walitaka wapate njia nzuri ya kumwambia."

"Huruma ya nani? Walijihurumia wenyewe. Hakuna aliyetaka kuiona sura yake."

Wakati wa mapumziko, saa saba na nusu, Muriuki alisimama akajinyoosha. Alisema asubuhi alitoka zamu amechoka sana, wagonjwa wawili walikuwa wamemsumbua usiku kucha, akalala kabla ya kumpigia mama. Alikuwa na kadi mfukoni. Akauliza kama anaweza kutumia simu.

Rahab alikuwa mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Alimtazama mumewe, na macho yake yalisema waziwazi, mpe. Kabla ya ofisi ile kufungwa zilikuwa bado zimebaki saa moja na nusu. Harrison aliyaona macho hayo, akayaelewa, na kwa dakika moja moyo wake uliyumba. Akamkumbuka Allan chini ya lori. Akazikumbuka simu saba. Akajiambia mtu hawezi kukosea jambo alilolifanya sawasawa mara saba.

"Kule ni saa nne na nusu ya usiku," alisema. "Utamwamsha mwenye duka, aende kumgongea mama gizani? Mpigie kesho, ukiwa umepumzika."

Muriuki alifikiri, akakubali. Alisema kweli, mama hapendi kutoka usiku, anaogopa mbwa wa jirani. Akakaa. Rahab alirudi jikoni, na kwa muda mrefu maji yalisikika yakimwagika kwenye sinki bila chombo kuoshwa.

Kipindi cha pili kilikuwa kibaya. Timu ilikuwa inapigwa, theluji ilianza tena nje, na ubishi ulikuwa umepoa. Mchungaji angechelewa, hilo lilionekana wazi. Muriuki alianza kunyamaza, anaangalia dirishani, anaangalia juu ya friji. Aliuliza mbona simu iko kule juu. Harrison alisema imeharibika waya, na papo hapo akatafuta cha kumrudisha. Akakitafuta mahali alipojua hakosi.

Alisema hayaamini yale mahesabu. Alimwambia Muriuki asome daftari tena, tangu mwanzo wa msimu, mchezo kwa mchezo, na kama hesabu itasimama yeye Harrison atakubali mbele ya Nestor kwamba ameshindwa. Muriuki hakuweza kukataa. Alilowesha kidole, akafunua ukurasa wa kwanza. Alisoma kama anayesimulia, akiigiza Askari Kanzu anavyojificha nyuma ya jitu jingine, anavyotokea, na mrushaji anavyogeuka na kukuta mlango umefungwa. Hata Nestor alicheka, kicheko chenye machozi, na Muriuki akafurahi kwamba amemfanya acheke. Harrison aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na nusu. Alimwona Muriuki amenawiri, akajisifu moyoni kwamba angalau amempa rafiki yake saa moja ya mwisho ya raha.

Mchungaji Eliakim aliingia saa tisa na dakika ishirini, theluji mabegani. Rahab alizima televisheni zikiwa zimebaki dakika mbili. Muriuki alianza kulalamika, halafu akamwona mchungaji hajavua koti, akawaona wengine wamesimama, akafunga daftari. Mchungaji alikaa karibu naye, akamshika mkono, akasema kwa sauti ya chini kwamba Mungu amempumzisha mama.

Muriuki hakulia. Alikaa akiutazama mkono wa mchungaji juu ya wake.

"Lini?" aliuliza.

Mchungaji alimtazama Harrison. Harrison alisema Serah alipiga saa tatu asubuhi.

"Serah alikuambia mama amekufa?"

Harrison alisema Serah alimwambia kwamba ni mgonjwa, yuko hospitali, lakini unajua watu wa nyumbani wanavyosema. Akajisikia anavyosikika. Akatoa bahasha kwa sababu hakuwa na la kufanya kwa mikono yake, na Muriuki akaichukua. Akasoma namba, akasoma yale maneno ya pembeni. Akayasoma tena. Kisha akaenda jikoni, akaishusha simu, akachomeka waya. Ukaingia bila taabu yoyote.

Ofisi ya hospitali ilikuwa bado wazi. Serah ndiye aliyepokea. Waliongea Kikikuyu, na Harrison alisikia kila neno la upande wa huku, na maneno ya upande wa kule aliyajua kwa ukimya wa Muriuki. Aliona mgongo wake ukiinama taratibu mpaka paji la uso likagusa mlango wa friji. Alijua kabla hajaambiwa, na akatamani lile lori la barabara kuu lingekuwa limempata yeye.

Muriuki aliweka simu mahali pake, akakaa kwenye kiti chake cha mbele ya televisheni iliyozimwa. Aliongea kama mtu anayetoa taarifa kazini.

"Kitanda kilikuwa kwenye ofisi tangu saa moja ya jioni. Serah amepiga hapa mara tisa. Mama aliwaambia wasimrudishe wodini, kwa sababu Muriuki huwa hasahau Jumapili."

Rahab aliketi sakafuni, akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo.

"Amekufa saa tano na nusu," Muriuki aliendelea. Aliinua macho kwenye saa ya ukutani, akahesabu kwa vidole, kama Harrison alivyohesabu asubuhi. "Hapa ni saa nane na nusu. Saa nane na nusu tulikuwa tunafanya nini?"

Harrison angeweza kusema hakumbuki, na pengine hakuna ambaye angembishia. Daftari lilikuwa pale mezani, katikati yao, kalamu bado imo ndani.

"Ulikuwa unatusomea daftari," alisema.

"Nani aliniambia nisome?"

"Mimi," alisema Harrison.